Hesabu Nne za Sanduku Moja: Kwa Nini Programu Hukosea Bila Kusema

Niliitwa na kikoba cha akina mama 28 hapa Dar es Salaam nikawasaidie kumaliza ugomvi, kwa sifa moja tu: "yule ni mtu wa kompyuta." Walikuwa wamechanga miezi mitatu, Machi hadi Mei. Mikopo ilikuwa haijaanza kutolewa, kwa hiyo fedha yote ilipaswa kuwa ndani ya sanduku lao la kufuli tatu. Daftari la katibu lilisema shilingi 4,620,000. Jedwali la kompyuta, kazi ya kijana wa mwenyekiti anayejifunza Python, lugha ya kuandikia programu, lilisema 4,750,000. Programu ya simu waliyotengenezewa na kijana mwingine ilisema 4,630,000. Washika funguo watatu walipofungua sanduku, zikahesabiwa 4,618,000.

Maneno yaliyokuwa yamerushwa kabla sijafika unaweza kuyakisia. Wakubwa walisema mambo ya kompyuta hayaaminiki. Vijana walisema kompyuta haikosei, kwa hiyo mwizi yumo humu humu. Yote mawili huyasikia kila mahali, benki, hospitalini, hata kwenye foleni ya matokeo ya mitihani, na yote mawili yanapotosha kwa namna ileile.

Tuanze na maneno. Programu ni orodha ya maagizo ambayo kompyuta au simu huyafuata moja baada ya jingine. Data ni taarifa zilizoandikwa kwa mpangilio: jina, kiasi, tarehe. Kuchambua data ni kuziuliza taarifa hizo maswali: nani kachanga, kiasi gani, lini. Hitilafu ni pale programu inapotenda tofauti na ulivyokusudia. Hapa wengi huteleza, wakidhani hitilafu ni lazima ionekane, programu izime au ujumbe mwekundu utokee. Hizo ni hitilafu zenye adabu, maana zimekuambia. Mbaya ni ile inayokupa jibu safi, limepangwa vizuri, lina koma zake, na si kweli.

Kompyuta ikipewa namba mia ijumlishe, itajumlisha vizuri kuliko mimi na wewe. Inakoharibu ni hatua moja kabla: pale inapoamua kitu ulichoipa ni kitu gani. Usipoiambia, inadhani. Ikishadhani, haikuulizi.

Namba ambayo si namba

Kila kitu kinachoingia kwenye programu hupewa aina. Aina za kila siku ni chache: namba, maandishi, tarehe, na tupu, yaani nafasi isiyo na kitu. Jaribio langu ni rahisi. Ukijumlisha namba mbili za simu, unapata nini? Upuuzi. Basi namba ya simu si namba. Ni jina lililoandikwa kwa tarakimu.

Excel, programu ya majedwali ya Microsoft, hailijui hilo. Ukiandika 0712 na tarakimu zinazofuata, inaona namba, na namba haihitaji sifuri mbele, kwa hiyo inaitupa. Kwenye jedwali la kikoba nusu ya simu zilianza na 7, nyingine na 255, nyingine na +255, na chache zilibaki na sifuri kwa sababu mwandishi aliacha nafasi katikati. Mwanachama mmoja, sura nne.

Namba ya NIDA, ile ya kitambulisho cha taifa, ni msiba mkubwa zaidi. Ina tarakimu 20, na nane za mwanzo ni tarehe ya kuzaliwa. Excel hushika tarakimu 15 tu za namba yoyote. Kuanzia ya 16 huandika sifuri. Ukibandika NIDA kwenye kisanduku cha kawaida na kuhifadhi, tarakimu tano za mwisho zimekwenda. Kubadilisha mwonekano wa kisanduku baadaye hakuzirudishi. Dawa ni kukitangaza kisanduku kuwa cha maandishi kabla hujaandika chochote.

Tusidhani haya ni ya wasiosoma. Wanasayansi wa jeni walisumbuka miaka mingi kwa sababu baadhi ya jeni za binadamu zilikuwa na majina kama MARCH1 na SEPT1, na Excel ikiyaona huyageuza kuwa tarehe. Mwaka 2020 kamati inayosimamia majina ya jeni ilitangaza kwamba imeyabadilisha: MARCH1 sasa ni MARCHF1. Ilikuwa rahisi kubadili jina la jeni kuliko tabia ya watu na Excel. Microsoft ilikuja kuweka kitufe cha kuzuia ugeuzaji huo mwaka 2023.

Mwaka huohuo wa 2020, Uingereza ilipoteza kwenye hesabu wagonjwa 15,841 wa Covid kwa takriban wiki moja, Septemba kuingia Oktoba. Matokeo ya maabara yalikuwa yakipitishwa kwenye faili za Excel za muundo wa zamani, ambao mwisho wake ni safu 65,536. Zilizozidi hazikuingia, na watu waliokaa karibu na wagonjwa hao wakachelewa kutafutwa.

Sasa turudi kwenye jedwali letu. Kijana aliiamuru programu ichukue safu wima ya kiasi na kuigeuza kuwa namba. Sehemu kubwa iligeuka. Lakini mahali patatu katibu alikuwa ameandika kama tulivyofundishwa shuleni: 20,000/=. Alama ile ya shilingi, mkwaju na usawa, Python haiijui. Kijana alikuwa ameielekeza programu kwamba kisichogeuzika kiwe tupu, ili isisimame njiani. Ikatii. Jumla ikaruka matupu matatu, shilingi 60,000 zikapungua, na hakuna aliyeambiwa.

Kijana alijitetea kwamba tupu ni sawa na sifuri. Si sawa, na ubishi huu nimeukuta hata ofisini. Mwanachama amechanga 5,000, kisha 5,000, wiki ya tatu hakuna kilichoandikwa, ya nne 2,000. Wastani wake ni ngapi? Ukichukulia ile wiki kuwa sifuri, ni 3,000. Ukiiacha nje, ni 4,000. Sifuri inasema "alikuja, hakutoa". Tupu inasema "hatujui". Anayeamua ni mtu anayekijua kikoba, na programu ikiachiwa itaamua yenyewe.

Tupu hiyohiyo ndiyo huangusha programu nyingi za simu. Programu inaenda kuchukua namba ya pili ya mwanachama, kumbe hana namba ya pili, inakuta hewa na kuzima. Tony Hoare, mwanasayansi Mwingereza aliyeingiza wazo la rejeo tupu, yaani kielekezi kisichoelekeza kwenye kitu chochote, katika lugha za programu mwaka 1965, alikuja kuliita kosa lake la dola bilioni. Kotlin, lugha ambayo Google imeipa kipaumbele kwa programu za Android tangu 2019, humlazimisha mwandishi aseme mapema: kitu hiki kinaweza kuwa tupu au hakiwezi? Kero mwanzoni, usingizi mzuri baadaye.

Mwajuma wawili

Zile 60,000 zilipunguza. Kwa nini basi jedwali lilikuwa na zaidi ya daftari?

Kijana alikuwa na majedwali mawili. La kwanza ni la wanachama: jina, simu, mtaa. La pili ni la michango: jina, tarehe, kiasi. Aliyaunganisha kwa jina. Sasa kikoba hiki kina Mwajuma wawili, na baba zao wote wanaitwa Ally. Programu ikachukua kila mchango wa Mwajuma Ally na kuuliza, huyu ni nani? Ikapata wawili, ikaandika mchango ule mara mbili, mmoja kwa kila mtu. Akina Mwajuma kwa pamoja walikuwa wamechanga 190,000, na zote zikarudiwa.

Toa 60,000 zilizorukwa, ongeza 190,000 zilizorudiwa. Tofauti ni 130,000, yaani 4,750,000 kasoro 4,620,000. Kijana alishusha pumzi kwa mara ya kwanza siku ile.

Katika ukanda wetu, ambako jina la pili ni la baba na majina ya watoto hurudi kwa babu na bibi, kuunganisha taarifa kwa jina ni kutafuta matatizo. Mpe kila mwanachama namba ya kikoba isiyobadilika. Na kabla ya kuunganisha hesabu safu, baada ya kuunganisha zihesabu tena. Michango ilikuwa 340, imekuwa 364? Simama hapo hapo.

Usiku wa manane ni siku gani?

Programu ya simu ilikuwa na ubaya wa aina nyingine. Mweka hazina hutoka kazini usiku mno. Machi 1, siku mzunguko ulipoanza, aliingiza michango mitatu ya kwanza, jumla 30,000, saa sita na dakika arobaini usiku. Kwenye simu yake ilikuwa Machi. Kwenye ripoti ya Machi hadi Mei haikuwamo.

Seva, kompyuta ya mbali inayotunza kumbukumbu za programu, kwa kawaida huhifadhi wakati kwa saa ya kimataifa, na Afrika Mashariki tuko mbele yake kwa saa tatu. Dar ikiwa saa sita na dakika arobaini usiku wa kuamkia Machi 1, seva inaandika 21:40 ya Februari 28. Ripoti iliulizwa kwa siku za seva badala ya siku za Dar. Kila kinachoingizwa kwetu kati ya saa sita usiku na saa tisa usiku huangukia jana.

Kuhifadhi kwa saa moja ya dunia ni jambo jema. Kikoba kikiwa na mwanachama Bujumbura, aliye nyuma yetu kwa saa moja, na mwingine Muscat, aliye mbele kwa saa moja, bila saa ya pamoja hutajua nani alitangulia. Kosa ni kusahau kuirudisha kwenye saa ya wenyewe unapoonyesha au kuuliza.

Sisi tuna tabaka jingine ambalo watengenezaji wa mbali hawalifikirii. Mwenyekiti akisema kikao ni saa mbili usiku, simu inataka 20:00. Nimeona programu zilizotafsiriwa Kiswahili zikimwambia mtu "kikao saa 8:00 usiku", naye akaielewa kama alivyofundishwa na mama yake: saa nane, usiku wa manane. Maneno yalitafsiriwa, saa haikutafsiriwa. Mimi hupenda kuonyesha 20:00 na pembeni "saa 2 usiku", na sijawahi kupata malalamiko.

Tarehe nazo zina fitina yake. 03/04 ni Aprili 3 kwetu na Machi 4 kwa Mmarekani, na baadhi ya simu hutumia mpangilio wa Kimarekani. Andika mwaka kwanza, mwezi, kisha siku: 2025-04-03. Koma vilevile: aliyesoma kwa mfumo wa Kifaransa, Lubumbashi au Bujumbura, hutenga desimali kwa koma, hivyo 1,500 yake inaweza kuwa moja na nusu.

Vijana huwa wananingoja nifike kwenye ile maarufu, kwamba kompyuta ikijumlisha 0.1 na 0.2 hutoa 0.30000000000000004. Ni kweli. Jaribu kuandika theluthi moja kwa desimali: 0.333 na kuendelea, hufiki mwisho. Kompyuta hutumia tarakimu mbili tu, 0 na 1, na kwake sehemu ya kumi ndiyo isiyofika mwisho. Mahali pengine kachembe hako kaliua. Februari 25, 1991, mtambo wa Patriot wa jeshi la Marekani kule Dhahran, Saudi Arabia, ulikuwa umewaka kama saa 100 mfululizo ukihesabu muda kwa sehemu ya kumi ya sekunde. Saa yake ilikuwa imepotea kwa theluthi ya sekunde, ukashindwa kulizuia kombora la Scud, na askari 28 wakafa. Kwenye fedha, shika senti kama namba nzima na utalala salama. Kwa kikoba hiki, ambako hakuna aliyeiona senti kwa miaka, halikuwa tatizo.

Mtoto uliyemtuma dukani

Zilibaki 40,000. Toa zile 30,000 zilizoangukia Februari, programu ilitakiwa kusoma 4,590,000. Ilisoma 4,630,000.

Unamtuma mtoto dukani na karatasi: sukari kilo moja. Nusu saa, harudi. Je, hakufika? Alifika lakini amekaa kucheza na sukari mkononi? Ulipo huwezi kujua. Ukimtuma wa pili na karatasi ileile, huenda ukaishia na kilo mbili.

Programu ya simu ipo katika hali hiyo kila dakika. Mweka hazina anabofya "Hifadhi", mtandao unasuasua, kiduara kinazunguka. Ombi limefika seva na limeandikwa, lakini jibu limepotea njiani. Anabofya tena. Ilitokea mara mbili, shilingi 20,000 kila mara. Wengi, na hata baadhi ya watengenezaji, huamini kwamba kukosa jibu maana yake ni kushindwa. Kukosa jibu maana yake ni kutojua.

Suluhisho lipo kwenye karatasi ya mtoto: iandike namba. "Agizo la 57: sukari kilo moja." Muuza duka akimwona mtoto wa pili na agizo la 57, anasema hili nimeshalitoa, nenda ukamtafute mwenzako. Simu itengeneze namba ya kipekee mara tu fomu inapofunguliwa, na iitume namba hiyohiyo hata ikijaribu mara kumi. Seva ikiiona mara ya pili irudishe jibu la kwanza bila kuandika upya. Kuzima kitufe baada ya kubofya ni hisani kwa mtumiaji tu. Hakuzuii simu yenyewe kurudia ombi.

Malalamiko mengine ya akina mama yalikuwa mepesi. "Inaganda." Programu ya Android ina mhudumu mmoja mkuu anayechora skrini na kupokea miguso. Ukimpa pia kazi ya kusubiri mtandao, inakuwa kama mama ntilie aliyeacha wateja mezani akaenda kuteka maji bombani: hakuna aliyehudumiwa mpaka arudi. Mguso ukikaa sekunde tano bila kujibiwa, Android humwambia mtumiaji kwamba programu haijibu na kumpa nafasi ya kuifunga. Kazi za kusubiri zipewe msaidizi, mhudumu mkuu abaki na wateja.

"Nikipokea simu, nikirudi nakuta nilichoandika kimefutika." Simu yenye kumbukumbu ndogo huua programu zilizo nyuma ili iliyo mbele ipumue, na hata kuizungusha simu kulala upande kunaweza kuifanya Android ijenge skrini upya kutoka mwanzo. Kilichokuwa kichwani mwa programu kinapotea, kilichoandikwa kwenye hifadhi ya simu kinabaki. Kwa hiyo hifadhi mtu anapoandika, usingoje abofye.

Hapa niionye dawa ya mtaani, "ifute uipakue upya". Mara nyingine hufanya kazi, kwa sababu husafisha taarifa zilizoharibika ndani ya simu. Lakini husafisha pia michango iliyohifadhiwa bila mtandao ambayo haijatumwa. Hakikisha kwanza hakuna kinachosubiri kutumwa.

Njia niliyotumia kuwatafutia jibu haikuwa na uchawi. Sikusoma programu yote. Niligawa kipindi katikati: je, nusu ya kwanza ya miezi mitatu inalingana na daftari? Hapana. Ile nusu nikaigawa tena, mpaka nikabaki na wiki moja, kisha siku moja, kisha safu moja niliyoweza kuiangalia kwa macho. Ujumbe wa kosa ukitokea, usome, maana watu huufunga kama tangazo. Kwenye Python kiini huwa mstari wa mwisho kabisa, na kwenye Android tafuta mstari unaotaja chanzo, mara nyingi katikati ya rundo. Kijana aliniuliza kama akili unde isingemaliza kazi ile kwa dakika moja. Alikuwa ameshaitumia, na ndiyo iliyompa ile amri ya kugeuza kisichogeuzika kuwa tupu. Amri ilikuwa sahihi. Haikujua tu kwamba katibu huandika /=, na yeye hakuiambia.

Jedwali likakaa sawa na daftari, programu ikakaa sawa na daftari. Sanduku bado lilipungua 2,000. Kimya kikatanda, macho yakamgeukia mweka hazina. Katibu akalichukua daftari, akaligeuza jalada la nyuma, na pale chini, kwa penseli, palikuwa na mwandiko wake mwenyewe: "Bajaji, kubeba sanduku, 2,000/=".